Kabla hatujajilinganisha na Ufaransa

Kila takwimu za elimu zinapotolewa hapa Zanzibar, swali la kwanza ninaloulizwa ni lile lile: sisi ni wa ngapi? Watu wanataka orodha. Kwa uwiano wa watoto na walimu wenye sifa katika skuli za maandalizi, yaani zile za kabla ya darasa la kwanza, naikataa orodha hiyo, na wazee walio kwenye kamati za skuli wana haki ya kujua sababu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua idadi ya watoto walioandikishwa, gawa kwa idadi ya walimu wenye sifa. Tuseme skuli ina watoto 120 na walimu 4. Ukigawa kwa walimu wote, unapata watoto 30 kwa mwalimu. Kama wenye sifa ni 2 tu, unapata 60. Darasani hapajabadilika kitu.

Tabu iko kwenye hizo sifa. Taasisi ya Takwimu ya UNESCO iliyoko Montreal, inayokusanya takwimu hizi kwa ajili ya Lengo la 4 la Maendeleo Endelevu, lile la elimu, inatenganisha mambo mawili. Mwalimu mwenye sifa ni yule aliyefikia kiwango cha chini cha elimu kinachotakiwa nchini kwake ili asomeshe ngazi ile. Mwalimu mwenye mafunzo ni yule aliyesomea ualimu wenyewe. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila ya chengine. Na kiwango hicho kila nchi inajiwekea. Nchi ikiamua kesho kwamba cheti hakitoshi tena, inatakiwa stashahada, uwiano wake utaharibika siku ile ile ingawa hakuna mwalimu hata mmoja aliyeacha kazi.

Itazame Ufaransa. Tangu 2019 mtoto wa huko analazimika kusoma akifika miaka 3, na mwalimu wa maandalizi ni sawa na wa msingi, husomeshwa hadi shahada ya uzamili. Hata hivyo, kwa wastani mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya 20. Wapo wasaidizi wanaoingia naye darasani, lakini hawahesabiwi kuwa walimu. Finland sheria inataka mfanyakazi 1 mwenye taaluma kwa kila watoto 7 wa miaka 3 na kuendelea wanaoshinda kituoni, na si wote hao ni walimu. Kwa hiyo "1 kwa 7" ya Finland haiwezi kuwekwa safu moja na uwiano wetu. Uingereza kwenyewe, mtu mzima 1 huruhusiwa watoto 8 wa umri huo, ila akiwapo mwalimu mwenye sifa wanaweza kufika 13. Kanuni hii mimi siipendi. Kusoma kunampa mwalimu maarifa, lakini mtoto wa miaka mitatu anataka pia mtu wa kumshika mkono, na mikono haiongezeki kwa shahada.

Kwetu, Sera ya Elimu ya 2006 iliyaingiza maandalizi katika elimu ya lazima kwa miaka 2. Bara, kwa sera ya 2014, ni mwaka 1. Kwenye majedwali ya UNESCO lakini iko Tanzania moja tu, na kwa sensa ya 2022 sisi ni watu 1,889,773 kati ya 61,741,120. Mzee wa Micheweni, Pemba, akiusoma mstari ule wa Tanzania hajaambiwa chochote kuhusu skuli ya mwanawe.

Kuna jambo jengine linaloniuma. Maandalizi ya Zanzibar yamejengwa kwa kiasi kikubwa na jamii: skuli za maandalizi za madrasa tangu miaka ya 1990, kisha vituo vya Tucheze Tujifunze vilivyosomesha kwa vipindi vya redio. Mlezi aliyetoka shehia ile ile, aliyewafundisha watoto kuhesabu na kushika kalamu, kama hana cheti kinachotakiwa basi katika uwiano huu ni sifuri.

Hata hivyo siutupi uwiano huu. Uweke sambamba na uwiano wa walimu wote, katika wilaya moja, mwaka mmoja. Ukikuta 30 na 60, walimu wapo, wanataka kupelekwa chuo, na huyo mlezi awe wa mwanzo. Ukikuta 60 na 62, kusomesha hakutasaidia kitu. Hapo ni kuajiri. Ni maombi mawili tofauti ya bajeti, na nimeona yakichanganywa mara nyingi. Angalieni pia mikondo, yaani zamu za asubuhi na mchana: mwalimu mwenye watoto 30 asubuhi na 30 mchana ataonekana ana 60, ingawa darasa lake halizidi 30. Anachohitaji ni mwenzake wa kumpokea mchana.

Kwa hiyo kamati ikikutana, muombeni mwalimu mkuu namba tatu: watoto walioandikishwa, walimu wote, na walimu wenye sifa, kila moja kwa mkondo wake. Kisha ombeni zile zile za skuli jirani.