Je, wajua kwa nini magari ya 1978 bado yanashindana kwenye viwanja vya udongo vya Marekani?

Ukienda kwenye uwanja mdogo wa mbio za magari huko Iowa au Carolina Kaskazini usiku wa Jumamosi, utakuta magari ambayo kwa haraka ungesema yametoka kwenye ajali. Bodi zimebondeka, vioo vimeng'olewa vyote, taa hazipo, namba zimepakwa kwa brashi ubavuni. Yakiwashwa, kifua chako kinatetemeka. Ukilala chini ukachungulia fremu za yale ya daraja la wanaoanza, mengi utayakuta na chuma kilichotoka kiwandani kati ya mwaka 1978 na 1988. Kijana wa miaka 17 anaendesha gari lenye umri wa baba yake.

Marekani haina uhaba wa magari mapya. Kwa nini basi watu wahangaike na chuma cha zamani namna hiyo?

Jibu linaanzia kwenye karatasi. Kila uwanja, au chama kinachosimamia mbio zake, hutoa kanuni kabla ya msimu, na ndani yake mna orodha ya magari yanayoruhusiwa: aina gani, ya mwaka gani, yenye injini gani. Wengi huiona orodha hiyo kama mambo ya ofisini. Mimi naiona kuwa ndiyo mchezo wenyewe, maana ndiyo inayoamua kama fundi wa gereji mwenye mshahara wa kawaida ataingia uwanjani au atabaki jukwaani akitazama.

Kwanza tuelewane kuhusu mbio zenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea Safari Rally, ambako kila gari linatoka peke yake na kupambana na barabara, vumbi na saa. Mbio ninazozizungumzia hapa, ambazo Wamarekani huziita stock car, ni jambo jingine. Magari kumi na tano au ishirini yanaachiwa kwa pamoja kwenye njia yenye umbo la yai, mara nyingi ya nusu maili au chini ya hapo, yanazunguka yakipinda kushoto tu. Yanagusana, yanasukumana, mengine yanaishia ukutani. Gari la kushindania hapa lazima liwe la kupigika leo na kunyooshwa kesho.

Zamani jina stock car lilimaanisha gari kama lilivyotoka dukani. NASCAR, chama kilichoanzishwa na Bill France na wenzake, kiliandaa mbio zake za kwanza za magari ya namna hiyo tarehe 19 Juni 1949 huko Charlotte, kwenye njia ya udongo ya robo tatu ya maili. Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza na Ford ya mwaka 1947, akiwa amewaacha wenzake mizunguko mitatu. Mkaguzi alipochungulia chini ya gari akakuta springi za nyuma zimechezewa. Ulikuwa ufundi wa wasafirishaji wa gongo wa kusini mwa Marekani, waliotaka gari lisilokaa chini nyuma likibeba shehena na lisiloyumba kwenye kona polisi wakiwafukuza. Dunaway akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper kutoka Kansas aliyekuja na Lincoln. Mwenye ile Ford akaenda mahakamani kudai dola 10,000, akashindwa.

Siku hiyohiyo Lee Petty aliingia uwanjani na Buick Roadmaster ya kuazima, gari kubwa na zito, akalipindua. Somo likamwingia. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshinda mbio huko Pennsylvania, safari hii na Plymouth, gari jepesi zaidi. Ndani ya siku moja maswali mawili yalikuwa yamezaliwa, na hayajafa hadi leo: gari libadilishwe kiasi gani, na ni gari lipi hasa?

Madaraja ya juu yalilijibu swali la kwanza kwa kuachana kabisa na gari la dukani. Gari la NASCAR la leo karibu halina kipande kilichotoka kwenye lile linalouzwa kwa jina hilohilo. Madaraja ya chini, yale yenye majina kama Street Stock na Hobby Stock, hayakuwa na pesa za kufanya hivyo. Yalibaki na skrepa.

Ndipo bahati ikawaangukia. Mwaka 1978 General Motors walipunguza ukubwa wa magari yao ya kati, wakatoa ukoo mmoja wenye majina mengi: Chevrolet Malibu na Monte Carlo, Oldsmobile Cutlass, Buick Regal, Pontiac Grand Prix. Sura mbalimbali, lakini chini ni chesi ileile, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma inchi 108, yaani kama mita 2.75. Wapenda mbio waliibatiza chesi hiyo "metric", na jina hilo ndilo utakalolisikia kwenye gereji zao mpaka leo.

Chesi hiyo ilipendwa kwa sababu ambazo fundi yeyote wa Kariakoo au Gikomba atazielewa mara moja. Imejitenga na bodi, kama ilivyo kwenye pikapu au Land Cruiser. Bodi ikipondeka unaing'oa, unafunga mabati mengine, na uti wa mgongo wa gari bado uko pale. Mabomba ya kizimba kinachomlinda dereva unayachomelea kwenye chuma kinene, wala huhitaji kutafuta pa kuyashikiza kwenye bati jembamba. Injini inakaa mbele, nguvu inakwenda nyuma kwenye difu, kwa hiyo gari linageuka kwa usukani na pia kwa mguu wa dereva kwenye mafuta. Halafu kuna V8, injini ya silinda nane, ya Chevrolet iliyoanza kutengenezwa mwaka 1955 na kuendelea kwa miongo mingi. Spea zake zilijaa kila kona ya nchi. Mkono unaoshika gurudumu la mbele la Malibu ukivunjika, unachukua wa Regal na unaingia bila kulazimishwa.

Kuna kitu kingine ambacho nakithamini kuliko vyote hivyo: usawa. Watu ishirini wakiwa na chesi moja na injini za familia moja, aliyeshinda ameshinda kwa mikono yake na kwa usiku wake wa kukesha gereji.

Sasa chuma hicho kinakwisha. Gari la mwisho la ukoo ule lilitoka kiwandani zaidi ya miaka 35 iliyopita. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji imezila chesi nyingi. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ililipa watu hadi dola 4,500 wasalimishe magari yanayokunywa mafuta sana. Karibu magari 680,000 yalikusanywa, na injini zake zikauawa makusudi kwa kumiminiwa sodiamu silikati, kimiminika kinachogeuka kigumu kama kioo ndani ya injini ikizungushwa. Mengi ya hayo hayakuwa ya ukoo wa metric, lakini V8 nyingi za bei poa zilienda na maji. Kisha wakaja wakusanyaji wa magari ya kale. Monte Carlo iliyokuwa ikinunuliwa kwa bei ya skrepa leo inapigwa rangi na kupelekwa kwenye maonyesho. Camaro za miaka ya 1970, nazo za inchi 108 kati ya ekseli, zilitangulia kupanda bei na kupotea viwanjani.

Viwanja vingi vimejibu kwa kuruhusu chesi mpya za kunakili, zinazochomelewa na makampuni ya vifaa vya mbio kwa vipimo vilevile. Hapo sikubaliani nao kwa daraja la wanaoanza. Kijana akishalazimika kununua chesi mpya, bodi mpya ya mabati mepesi na difu imara kuliko lile la asili, ameingia gharama ya gari la daraja la juu huku akishindania zawadi ya daraja la chini. Metric zilizopo ziachwe zikimbie hadi ziishe, ila ziwe ngazi ya pili. Ngazi ya kwanza iwe ya gari unaloweza kulinunua wiki hii kwenye yadi ya magari mabovu iliyo karibu na kwako.

Na ukienda kwenye yadi hiyo utakuta nini? Magari ya silinda nne yanayovuta mbele. Chevrolet Cavalier, Dodge Neon, Ford Focus, Honda Civic, na Corolla, gari ambalo huenda msomaji wangu unalo uani hivi sasa. Viwanja vingi tayari vina daraja lake, vingine huliita Hornet. Wazee wa V8 huyadharau, wakisema gari linalovuta mbele halimfundishi mtu kuendesha. Hoja yao ina ukweli ndani yake. Matairi ya mbele yanavuta gari, yanalipindisha, na juu yake yanabeba uzito wa injini, kwa hiyo ukiingia kona kwa pupa, pua inakataa kugeuka na gari linakimbilia ukuta wa nje. Hapo kuongeza mafuta hakukuokoi, kunakuzidishia. Dereva inambidi aachie mafuta mapema, aguse breki kwa mguu wa kushoto ili nyuma iwe nyepesi, na asubiri. Kwangu hilo ni somo zuri kwa mtu wa miaka 17. Linamfundisha subira kabla hajakabidhiwa nguvu.

Shida ya daraja hili ni kwamba silinda nne si sawa zote, na hapa ndipo viwanja vingi hukosea. Wanaandika kwenye kanuni "silinda nne, isiyozidi ujazo fulani", wanadhani wameweka usawa. Angalia mfano huu. Cavalier ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yenye injini ya lita 2.2 ilitoa nguvu za farasi 115. Honda Civic Si ya 1999, yenye lita 1.6 tu, ilitoa 160. Acura Integra Type R ya lita 1.8 ilifika 195. Injini ndogo inaipita kubwa kwa mbali, kwa sababu ya jinsi vali zake zinavyofunguka injini ikipanda mizunguko. Ukipima kwa ujazo, ndani ya misimu miwili uwanja utakuwa na Honda za bei kali mbele na Cavalier zikichechemea nyuma, kisha wenye Cavalier watakaa nyumbani.

Kwa hiyo orodha itaje magari kwa majina, na kipimo kiwe nguvu ya injini ilivyotangazwa na kiwanda. Neon yenye kamshafti moja (mhimili unaofungua vali), farasi 132, iingie. Civic ya kawaida iingie, Civic Si ibaki nje pamoja na Integra ya Type R. Turbo zote nje. Magari yanayovuta magurudumu yote manne nje, maana kwenye udongo ulioloa yanakuwa na faida ambayo hakuna ufundi wa udereva utakaoifikia. Yenye paa la kukunja nayo yabaki nje, na hapo sizungumzii ushindani hata kidogo. Paa la chuma na nguzo zake ni sehemu ya kinachomkinga dereva gari likibiringika, hata kama ndani kuna kizimba.

Anayetaka sauti ya V8 bila kufilisika, lipo gari lake: Ford Crown Victoria, lile la polisi na teksi. Lilitengenezwa hadi Septemba 2011 huko Ontario, Kanada, likiwa na chesi iliyojitenga na bodi mpaka siku ya mwisho, V8 ya lita 4.6, na difu nyuma. Polisi wa miji na kaunti waliyapiga mnada kwa wingi, na viwanja kadhaa vya kusini vimeyaanzishia daraja lake. Nalipenda wazo hilo kwa sababu moja kubwa: yote yanafanana. Lakini yasichanganywe na metric. Crown Victoria lina kilo zaidi ya 1,800, Monte Carlo ya ukoo ule kama 1,450. Zikikutana ubavu kwa ubavu ukutani, aliye kwenye gari jepesi ndiye anayeumia.

Hata orodha nzuri ina adui mmoja, naye ni mwenye pesa. Anaweza kuchukua Cavalier iliyoruhusiwa akaijaza vipuri vya siri. Wafini na Waswidi walilitafutia tatizo hili dawa ninayoiona bora kuliko ukaguzi wowote. Kwenye Jokamiehenluokka ya Finland, maana yake daraja la kila mtu, na kwenye Folkrace ya Sweden, gari lolote lililoshindana linaweza kununuliwa na mwingine baada ya mbio kwa bei iliyopangwa kwenye kanuni, na mwenyewe hana ruhusa ya kukataa. Nani atatia vipuri vya maelfu kwenye gari ambalo jirani anaweza kuondoka nalo jioni kwa bei ya gari bovu? Marekani nako baadhi ya viwanja vina kanuni ya aina hiyo, mara nyingi kwa injini peke yake. Vingine hutumia V8 iliyofungwa kwa lakiri kiwandani, kama ile ya General Motors iitwayo 602 yenye farasi 350, ambayo fundi haruhusiwi kuifungua. Inaleta usawa kweli, ila ni injini ya kununua mpya, na anayeanza hana pesa hiyo.

Crown Victoria nazo zitaisha, kama metric zinavyoisha, ndiyo maana orodha inapaswa kufunguliwa upya kila baada ya miaka michache na watu wakaenda kutazama yadi zina nini. Polisi wengi walihamia Ford Explorer na Dodge Charger. Charger ya kizazi kile, iliyotengenezwa hadi 2023, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, lakini haina chesi. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Ikigonga ukuta, pembe ya mbele inakunjamana na hakuna fremu ya kunyoosha. Fundi itambidi akate pua nzima na kuchomelea mabomba mahali pake. Kama kazi hiyo inawezekana kati ya Jumamosi moja na nyingine, kwenye gereji ya nyumbani yenye mashine moja ya kuchomelea, basi Charger iingie kwenye orodha. Kama haiwezekani, wanaoanza waachiwe Cavalier zao.