Jalada limekaa kwa nani?

Wiki iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya umma kuwanoa watumishi juu ya Ofisi Mtandao, mfumo wa Serikali ya Tanzania wa kupitisha majalada na madokezo kwa kompyuta badala ya karatasi. Kabla ya kufungua mdomo nikaomba nikae kwanza kwa sekretari, nitazame kazi inavyokwenda. Akainua kibodi, akatoa kijikaratasi chenye paswedi ya bosi, akaingia kwenye mfumo kwa jina la bosi. Akachapisha dokezo sabili, yaani maelezo ya ndani ya ofisi yanayopelekwa kwa mkubwa ayaamue, pamoja na viambatisho vyake, akavitia kwenye folda na kuvipeleka ndani. Bosi akaandika kwa kalamu: "Utumishi, shughulikieni." Folda ikarudi, na sekretari akayaingiza maneno yale kwenye mfumo, neno kwa neno. Kwenye mfumo ikasomeka kwamba bosi ameidhinisha saa nne na robo. Saa nne na robo bosi alikuwa kikaoni.

Nilihesabu hatua zikafika tisa. Enzi za majalada ya karatasi, nilipokuwa masijala, safari hiyohiyo ilikuwa hatua sita.

Kila ninapokwenda naambiwa watumishi wa chini ndio wagumu wa teknolojia. Mimi naona tofauti: wao hufuata mkono wa mkubwa. Bosi akitaka karatasi, idara nzima itachapisha, hata kama kila meza ina kompyuta.

Zamani jalada likipotea, mhudumu alizunguka meza kwa meza, na kila mtu alimjibu, "Kwangu lilishatoka." Mfumo unaonyesha limekaa kwa nani na tangu lini, wala haumwonei haya mkubwa. Nadhani hapo ndipo penye kidonda, ingawa hakuna atakayekuambia hivyo. Utaambiwa habari ya sahihi ya wino, wakati Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki, na Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019.

Upimaji wa kazi nao ni uleule. Kwenye OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, tulijaza fomu za karatasi, na nakiri kuna mwaka nilitoa kopi ya fomu ya mwaka uliotangulia nikabadilisha tarehe tu. PEPMIS, mfumo wa kompyuta ulioirithi, ilipokuja, mtumishi akawa anaingiza majukumu yake mtandaoni na msimamizi anayaidhinisha na kuyapima. Lakini msimamizi asiyeingia kwenye mfumo huacha kazi za watu zikining'inia. Ikifika Juni utasikia kwenye korido, "Bosi, naomba uniidhinishie." Anawapitisha wote jioni moja, mchapakazi na mtegaji alama zinafanana. Ukiniletea takwimu za hivyo uniambie ndiyo tija ya ofisi, sitazisoma.

Ninachowaomba viongozi ni kidogo. Chagua aina moja ya shughuli, kwa mfano maombi ya likizo, ukatae kabisa kuipokea kwa karatasi. Fungua trei yako ya kwenye mfumo mwenyewe asubuhi kabla ya kikao, na tena kabla ya kuondoka. Ukisafiri, mkabidhi kaimu madaraka ndani ya mfumo. Paswedi usimwachie mtu, maana kikiharibika kitu jina litakalosomeka ni lako. Na kabla ya kumfokea mtumishi kwamba hajajaza, uliza anajaza kwa bando la nani. Nimekutana na wengi wanaojaza kwa simu zao na kwa fedha zao.

Mchana ule nilimwomba bosi apeleke dokezo moja kwa mkono wake. Zilikwenda dakika nne, na mara mbili akamwita sekretari amwonyeshe pa kubonyeza. Hata miwani hajavua, simu ya mezani ikalia. Alikuwa afisa utumishi, chumba cha mwisho wa korido:

"Shikamoo mzee. Samahani, hili dokezo ni wewe mwenyewe au sekretari?"