Chuo cha Serampore: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukiupandisha mto Hooghly kutoka Kolkata, mji wa India uliokuwa ukiitwa Calcutta, kwa mwendo wa kilomita kama 25 unafika Serampore, mji wenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1818. Chuo cha umri huo hakikosi kusingiziwa.

Dhana: Ni chuo cha wakoloni wa Kiingereza

Waasisi walikuwa Waingereza, hilo halina ubishi. Lakini walikuwa wamisionari wa Kibaptisti, na Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyotawala eneo hilo la Bengal, iliwaona kama watu wa kuiharibia biashara. Hadi sheria ilipobadilishwa London mwaka 1813, haikuwafungulia mlango. Serampore ulikuwa mji wa Denmark, ukiitwa Frederiksnagore, na gavana wake aliwapokea. Ndiyo maana hati ya kifalme iliyokipa chuo mamlaka ya kutoa shahada ilitoka kwa Mfalme Frederick wa Sita wa Denmark, mwaka 1827. Denmark ilipouza mji huo kwa Waingereza mwaka 1845, haki hizo zililindwa ndani ya mkataba wa mauzo.

Dhana: Ni kazi ya William Carey peke yake

Carey, mmoja wa waasisi watatu, fundi viatu asiyewahi kukanyaga chuo kikuu, ana simulizi tamu, basi wenzake wakafunikwa. William Ward, mpiga chapa, ndiye aliyezunguka Uingereza na Marekani kuchangisha fedha. Joshua Marshman ndiye aliyekwenda Copenhagen kuifuatilia ile hati.

Dhana: Kilikuwa seminari ya kuzalisha wahubiri

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi, na ina chembe ya ukweli: waasisi walitaka India iwe ya Kikristo na hawakuficha. Hata hivyo, waraka wao wa 1818 ulitangaza chuo cha kuwafundisha vijana wa Asia, Wakristo na wengineo, fasihi ya Mashariki na sayansi ya Ulaya. Kati ya wanafunzi 37 wa mwanzo, Wakristo walikuwa 19. Waliobaki wengi walikuwa Wahindu. Walisoma Kisanskriti. Walisoma pia kwa Kibengali, lugha ya nyumbani kwao, kwa sababu waasisi waliamini kwamba elimu ya lugha ya kigeni ingewafikia wachache tu. John Mack, Mskoti aliyefundisha kemia, alitoa kitabu cha somo hilo kwa Kibengali mwaka 1834. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni mjini Calcutta iliamua kuelekeza fedha zake za elimu kwenye masomo ya Kiingereza. Msomaji aliyewahi kubishana kuhusu lugha ya kufundishia katika shule zetu ataona kwamba mjadala huo si wa jana.

Dhana: Kimetoa shahada mfululizo tangu 1827

Hati ilikuwapo, shahada hazikuwapo. Ya kwanza chini ya hati hiyo, ya theolojia, ilitolewa mwaka 1915: miaka 88 baadaye! Kwa maoni yangu ucheleweshaji huo unaeleza mengi kuhusu chuo hiki kuliko hati yenyewe. Ward alifariki 1823, Carey 1834, Marshman 1837. Katikati ya vifo hivyo, nyumba kubwa za biashara za Calcutta zilifilisika na kuzama na fedha za misheni. Chuo Kikuu cha Calcutta kilipoanzishwa 1857, wanafunzi wa Serampore wakawa wanafanya mitihani ya huko. Mwaka 1883 masomo ya kawaida yalisitishwa, ikabaki theolojia. Kwa hiyo wanaokiita seminari wangekuwa sahihi, ila kwa miaka hiyo tu. George Howells, mkuu wa chuo, ndiye aliyeyafufua masomo hayo mwaka 1911, na mwaka 1918 baraza la kutunga sheria la Bengal likapitisha sheria ya kuithibitisha ile hati na kuunda Seneti ya kuisimamia.

Dhana: Basi leo ni chuo kikuu kamili

Nusu kwa nusu. Anayesoma fizikia au historia hapo hupata shahada ya Chuo Kikuu cha Calcutta. Anayesoma theolojia hupata ya Seneti ya Serampore, ambayo pia husimamia makumi ya vyuo vya theolojia nchini India na kwa majirani zake. Seneti haitoi shahada ya fizikia.