Je, wajua kwa nini kocha wa futiboli ya Kimarekani humvumilia kwotabeki kijana anayeboronga?

Usiku wa tarehe 8 Januari 2018, mjini Atlanta, timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa pointi 13 kwa 0. Ilikuwa fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, na wapinzani walikuwa Georgia. Kwotabeki wa Alabama, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alikuwa Jalen Hurts, kijana wa miaka 19, na katika misimu miwili alikuwa amepoteza mechi 2 tu kati ya zote alizoanza. Kipindi cha pili kilipoanza, alikuwa benchi. Kocha Nick Saban alimwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja ya chuo.

Tagovailoa alirusha pasi ikanyakuliwa na Georgia. Katika muda wa nyongeza akaangushwa mpira ukiwa mkononi, timu ikarudishwa nyuma yadi 16. Pasi iliyofuata ilisafiri yadi 41, DeVonta Smith akaidaka, na Alabama wakawa mabingwa kwa 26 kwa 23.

Wengi waliondoka na funzo moja usiku ule: kijana akisuasua, mtoe. Mimi naona mechi hiyohiyo inatufundisha jambo gumu zaidi kuliko hilo, maana kabla ya kuamua abaki au atoke, lazima kocha ajue kijana anasuasua kwa namna gani.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika futiboli ya Kimarekani kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, na inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi. Karibu kila jaribio linapita mikononi mwa kwotabeki. Mpira unarushwa nyuma kwake, wenzake watano wanajenga ukuta mbele yake, na wapokeaji wanakimbia kila mmoja njia yake. Ana takribani sekunde tatu. Katika sekunde hizo anapaswa kugundua ulinzi umejipanga vipi, amtazame mpokeaji wa kwanza, akiona amebanwa ahamie kwa wa pili, kisha wa tatu, huku majitu ya kilo 130 yakija kumwangusha. Ulinzi nao unamdanganya makusudi: unajipanga hivi kabla ya mpira kuanza, unageuka vile ukishaanza.

Katika shule ya sekondari kijana mwenye kipaji hushinda kwa mkono wenye nguvu na miguu mepesi tu. Mwanya anaouona kule ni mpana. Chuoni mwanya uleule unafungwa kabla mpira haujafika, kwa hiyo ni lazima arushe kabla mpokeaji hajawa huru, kwa kuamini kwamba atakuwa huru. Imani hiyo haitoki kwenye kipaji. Inatoka kwenye kuona jambo lilelile mara mia, na kijana wa miaka 18 hajaliona.

Hapo ndipo hesabu za ubao zinapodanganya. Mtazamaji huhesabu pasi zilizonyakuliwa, na kwa hesabu hiyo Hurts alikuwa salama kabisa: katika msimu mzima wa 2017 alinyakuliwa pasi 1 tu. Udhaifu wake ulijificha ndani ya sifa hiyohiyo. Alikuwa harushi pale palipohitaji kuthubutu. Mpokeaji wa kwanza akibanwa, aliuweka mpira kwapani akakimbia, na katika kipindi cha kwanza cha fainali ile pasi zake zote zilileta yadi 21 tu. Tagovailoa alikosea zaidi yake usiku ule, ila makosa yake yalikuwa ya mtu anayeutazama uwanja wote.

Ndiyo maana kocha mzuri, mechi ikiisha, hukaa na video hadi usiku wa manane akitazama vitu viwili ambavyo watu wa jukwaani hawavioni: miguu na macho. Kijana aliyeanza kuvunjika moyo huonekana miguuni kwanza. Anarukaruka hata pale ambapo hakuna anayemkaribia, anarusha akiwa hajasimama imara, na mpira unapaa juu ya mpokeaji. Halafu macho yanashuka: badala ya kuwatazama wapokeaji walio mbali, anawatazama wanaokuja kumgonga. Kijana anayerusha pasi mbovu huku macho yake yakiwa mahali sahihi atafundishika. Yule ambaye macho yameshuka yuko hatarini zaidi, hata kama wiki hiyo timu imeshinda.

Jambo la pili ambalo kocha hulitazama ni kama kosa linajirudia. Kunyakuliwa mara tatu kwa mbinu tatu tofauti ni ada ya masomo. Kunyakuliwa mara tatu kwa mbinu ileile, wiki baada ya wiki, ni dalili kwamba somo haliingii, na hapo subira inaanza kuwa mzigo kwa wale wengine wote waliotoa jasho mazoezini.

Mbona basi wasibadilishane tu, leo huyu kesho yule? Sababu ni muda. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hairuhusu zaidi ya saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu. Kila zamu anayopewa kwotabeki wa akiba, yule wa kwanza ameikosa. Nafasi hii ni kama ya golikipa: ni mmoja tu anayesimama, na mpokeaji lazima auzoee mkono unaomrushia, kasi yake na wakati wake. Makocha wa Marekani husema mwenye makwotabeki wawili hana hata mmoja. Kisha kuna akili ya kijana mwenyewe: akijua kosa moja litamtoa, atacheza kwa kulikwepa kosa, na kwotabeki anayekwepa makosa harushi pasi zinazoshinda mechi.

Lakini kuvumilia si kukaa na kungoja. Mfano ninaoupenda ni wa Joe Burrow. Alikaa chuo cha Ohio State bila kupata nafasi ya maana, akahamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, mwaka 2018, na msimu wake wa kwanza pale ulikuwa wa kawaida tu: alifikisha asilimia 57.8 ya pasi zake na kutoa pasi 16 za tachidauni, yaani zilizozaa bao. Kocha Ed Orgeron hakumbadilisha. Alibadilisha kilichomzunguka. Alimleta Joe Brady, kijana wa miaka 29 kutoka New Orleans Saints, timu ya ligi ya kulipwa, mashambulizi yakapangwa upya, wapokeaji wakatawanywa uwanja mzima ili Burrow aone mapema nani yuko huru. Wapokeaji Justin Jefferson na Ja'Marr Chase walikuwepo tayari mwaka uliotangulia. Msimu wa 2019 Burrow alifikisha asilimia 76.3, akatoa pasi 60 za tachidauni, na LSU wakashinda mechi zote 15 na kutwaa ubingwa.

Kuna pia uvumilivu unaoumiza, na huu naona hausemwi vya kutosha. Katika ligi ya kulipwa, timu ya Houston Texans ilipoanzishwa mwaka 2002 ilimchagua David Carr wa kwanza kabisa, ikamsimamisha nyuma ya ukuta uliokuwa ukivuja. Aliangushwa mara 76 katika msimu mmoja, rekodi ya ligi hiyo. Carr hakufikia alichotarajiwa kuwa. Kwa kijana wa namna hiyo, kumweka pembeni kwa miezi michache ni kumlinda, na kocha anayemwacha uwanjani kwa jina la kumwamini amekwepa kazi yake.

Wakati mwingine kubadilisha kunawafaa wote wawili. Mwaka 2021 Oklahoma walianza msimu na Spencer Rattler, aliyetajwa kuwa mgombea mkubwa wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Alisuasua hadi mashabiki wa nyumbani wakaimba jina la kijana wa akiba, Caleb Williams. Tarehe 9 Oktoba, mjini Dallas, wakiwa nyuma kwa Texas 28 kwa 7, Williams aliingia na Oklahoma wakashinda 55 kwa 48. Mwaka uliofuata Williams, akiwa ameshahamia chuo cha USC, alichukua Heisman. Rattler alihamia South Carolina, na Novemba 2022 akawafunga Tennessee 63 kwa 38 kwa pasi 6 za tachidauni. Kipaji chake hakikuwa kimepotea.

Kuhama huko ndiko kulikoufanya uamuzi huu kuwa mzito kuliko zamani. Tangu 2021 mchezaji anaweza kubadilisha chuo bila kukaa nje msimu mzima, na anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Kocha akimweka kijana benchi mwezi wa kumi, mwezi wa kwanza kijana yuko chuo kingine. Akimng'ang'ania aliyepo, huenda akampoteza wa akiba.

Hata hivyo wapo wanaosimama imara. Mwaka 2025 Texas walianza msimu wakiwa namba 1 nchini, kwotabeki wao akiwa Arch Manning, mpwa wa Peyton na Eli Manning, makwotabeki waliovuma katika ligi ya kulipwa. Walipoteza mechi ya kwanza kwa Ohio State 14 kwa 7, na mwezi Septemba, dhidi ya chuo cha UTEP, Manning alifikisha pasi 11 kati ya 25 na kuzomewa katika uwanja wa nyumbani. Kocha Steve Sarkisian aliendelea naye. Mwisho wa Novemba, Manning aliiongoza Texas kuwafunga majirani zao Texas A&M, ambao hadi siku hiyo hawakuwa wamefungwa na yeyote, 27 kwa 17.

Na Jalen Hurts? Baada ya usiku ule wa Atlanta kila mtu alitegemea ahame. Alibaki. Msimu wote wa 2018 alikuwa akiba wa kijana aliyemnyang'anya nafasi, na makocha waliendelea kumfundisha kurusha pasi za mbali, kile hasa alichokuwa akikikwepa. Tarehe 1 Desemba, katika fainali ya ukanda wao, uwanja uleule, wapinzani walewale Georgia, Tagovailoa aliumia Alabama wakiwa nyuma 28 kwa 21. Hurts akavaa kofia yake akaingia. Alirusha pasi iliyosawazisha, kisha, ikiwa imebaki takribani dakika moja, akakimbia mwenyewe yadi 15 hadi ndani, na mechi ikaisha 35 kwa 28.