Furaha ya ualimu hujengwa darasani: dhana potofu tunazozisikia Bukavu

Kijana wa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, akisema anataka kuwa mwalimu, nyumbani atasikitikiwa, au ataambiwa ana moyo wa kitakatifu. Maneno yote mawili yanamdhuru. Nawaandikia vijana walio kwenye staji sasa, yaani mazoezi ya kufundisha, pamoja na walimu wenzangu walioanza kuichoka kazi.

Dhana: Mwalimu wa kweli huzaliwa na wito.

Wengi wetu tuliingia kwa mlango mwingine. Sekondari, mkondo wa Biokemia ulijaa tukapelekwa Pedagojia, mkondo wa ualimu, au pesa za chuo cha mbali zilikosekana na ISP, chuo cha ualimu, ilikuwa hapa hapa mjini. Mapenzi ya kazi yalikuja baadaye. Mtafiti Mmarekani Thomas Guskey alieleza mwaka 1986 kwamba kwa kawaida mwalimu haanzi kwa kuamini. Hujaribu njia mpya, huona wanafunzi wameelewa, ndipo imani yake inapobadilika.

Chukua hesabu ya kutoa. Mtoto wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, ameandika 52 − 27 = 35. Mwalimu mwenye haraka atachora mkwaju mwekundu na kupita. Mwingine atainama kwenye dawati: "Umefanyaje, mwanangu?" Mtoto anajibu: "Mwalimu, mbili haitoshi kutoa saba, basi nikatoa mbili kwenye saba." Kumbe alifikiri! Mwalimu anampa vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa uzi, mafungu matano, na vijiti viwili pembeni. Mtoto anafungua fungu moja, sasa ana vijiti kumi na viwili. Anatoa saba, vinabaki vitano. Katika mafungu manne yaliyobaki anatoa mawili. Ishirini na tano. Hesabu inayofuata ataivamia bila kuambiwa.

Mazungumzo hayo yanawezekana kwa sababu mtoto anajieleza kwa Kiswahili chake, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia. Mwalimu anayelazimisha Kifaransa tangu siku ya kwanza anajinyima raha ya kujua mtoto anawaza nini.

Dhana: Anayeipenda kazi haulizi mshahara.

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, maana mara nyingi inasemwa na watu wanaotuheshimu.

Tangu miaka ya 1990 wazazi wa nchi hii ndio waliobeba sehemu kubwa ya malipo ya mwalimu kupitia primu, yaani pesa ambazo wazazi huchangia shuleni kumlipa mwalimu. Mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza ibara ya 43 ya Katiba ya 2006: shule za msingi za umma ziwe bure. Watoto waliokuwa wamebaki nyumbani waliingia shule, na hilo ni jema tupu. Lakini madarasa yalifurika, na mijini kama Bukavu walimu wengi walipoteza primu iliyokuwa ikiwalisha. Wengine walikuwa wakisubiri namba ya malipo, ile inayomwingiza mwalimu kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na ambayo wengi bado wanaiita ya SECOPE, jina la zamani la idara ya kulipa walimu. Kisha ikaja Februari 2025: waasi wa M23 waliuteka mji, benki zikafungwa, na hata mwenye namba akahangaika kuufikia mshahara wake.

Mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu na kutoa matokeo yao mwaka 1959: malipo mabaya huleta uchungu, ila malipo mazuri peke yake hayaleti furaha, furaha hutoka zaidi kwenye kazi yenyewe na matunda yake. Kwa hiyo haya ni mambo mawili, na mwalimu anayahitaji yote. Pendekezo la UNESCO na ILO, shirika la kazi duniani, la 1966 kuhusu hadhi ya walimu linataka mshahara unaomwezesha mwalimu kuishi vizuri na familia yake. Anayeudai hajapunguza upendo wake kwa watoto hata kidogo.

Dhana: Mwalimu mwenye furaha ni yule mchangamfu.

Hapana. Kuna walimu wapole, wa maneno machache, ambao watoto wao wanasoma vizuri na wenyewe wanaipenda kazi.

Dhana: Ukichoka, basi hukuwa mwalimu.

Christina Maslach, aliyechunguza uchovu wa kazi kwa miaka mingi, anataja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na watu unaowahudumia, na kuona kazi yako haina faida. Yanaweza kumpata mwalimu bora kabisa, hasa akiachwa peke yake na darasa lililojaa.

Ndiyo maana nasisitiza kile kikao ambamo mwalimu mmoja anatoa somo na wenzake wanakaa nyuma kumtazama. Kisifanywe cha kutafutana makosa, wala kisisubiri mkaguzi. Mwenzako atakwambia: "Uliuliza swali, ukajijibu mwenyewe." Mtafiti Mary Budd Rowe aliliona hilo kwa walimu wa Marekani: wengi walisubiri jibu sekunde moja tu, na waliposubiri tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliojibu waliongezeka. Kama direkta hajapanga kikao, mwombe jirani yako wa darasa la mlango wa pili aje kwako nusu saa wiki hii, nawe uende kwake wiki ijayo.