Je, wajua? Moteri ya moto (pikipiki) inaweza kufa na kiu wakati mafuta ya kulainisha imejaa ndani

Hapa Goma motari (dereva wa moto) akisikia moteri inapiga tak-tak-tak, kitu ya kwanza anachomoa kijiti cha kupimia mafuta, anakuta mafuta iko kwenye alama, anarudisha, anaendelea na kazi. Mimi pia miaka mingi niliamini hivyo. Lakini kijiti inaonyesha tu mafuta iliyolala chini ya moteri, litre moja hivi kwa moto ya 125, haionyeshi kama inapanda. Ni kama Ziwa Kivu: maji iko pale, tunaiona kila siku, na robine (bomba la maji) ya mtaa wa Ndosho imekauka. Kijiti inapima ziwa, haipimi robine!

Kazi ya kupandisha mafuta ni ya pompi (pampu). Ndani yake mna magurudumu mawili, la ndani lina meno 4, la nje lina mashimo 5, na ile moja iliyozidi njo siri yote: yakizunguka, upande mmoja nafasi inafunguka na kuvuta mafuta, upande wa pili inajifunga na kuisukuma. Watoto pale ziwani wanafanya hivyo na viganja, wanafunga maji kati ya mikono, wanakamua, inaruka mbali. Vidole vikiachana kidogo tu, maji inatoroka pembeni, hairuki tena. Pompi ni vile vile. Vitabu vingi vya fundi vinasema nafasi kati ya meno isipite milimita 0.20, sawa na karatasi mbili za kayee (daftari), na vibati vya kupimia nafasi ya supape (vali) vinatosha kupima. Moteri ikiwa baridi mafuta ni nzito, inaficha ubovu, ikipata joto inakuwa nyepesi na inatoroka, na kichwa cha moteri, kilicho mbali na pompi, kinakauka wa kwanza.

Halafu pinyoni (gurudumu la meno) inayozungusha pompi, kwenye moto nyingi ni ya plastiki. Meno yakiisha pompi inasimama, na moto nyingi ndogo hazina taa ya kukuambia. Kwa hiyo moteri ikifunguliwa badilisha pinyoni na pompi nzima, kwa sababu nyumba ya pompi iliyokwanguliwa itakula magurudumu mapya, osha chujio, na ujaze pompi mafuta mbele ya kuifunga.

Sisemi kila tak-tak ni pompi, supape zisizoregelewa zinapiga hivyo hivyo. Moteri ikishapata joto, iache ralanti (izunguke polepole bila gesi), fungua kifuniko cha supape uangalie: kilbiteri (vyuma vinavyosukuma supape) zinapaswa kulowa mafuta. Ukikuta kukavu, zima palepale, uisukume mpaka garaji.