Kwa nini kinanda na saksafoni vikipiga C pamoja sauti zinagombana?

Chukua nyumba yenye wapigaji watatu: mama yuko kwenye kinanda, baba ana gitaa, na mtoto ana mwezi wa tatu tu na saksafoni ya alto. Wanakubaliana kuanza na noti ya C. Kila mmoja anapiga C, tena bila kukosea, na bado kinachotoka ni kelele. Lawama humwangukia mwenye saksafoni, kwa kuwa ndiye mgeni. Anaonewa. C yake ni halali kabisa, ila si C ile ya kinanda.

Kwenye ala nyingi za kupuliza, jina la noti linataja vidole vikae wapi, halitaji sauti itakayotoka. Mpiga alto akisoma C kwenye karatasi na kuweka vidole vya C, sauti inayosikika ni E-flati ya kinanda (flati hushusha noti nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda; shapu huipandisha). Mwenye tarumbeta la kawaida akipiga C, bila kubonyeza kitu, inasikika B-flati. Ndiyo maana ala hizo huitwa saksafoni ya E-flati na tarumbeta la B-flati: herufi hiyo inakwambia C yake inaangukia wapi kwenye kinanda. Klarineti ya kawaida na saksafoni ya tenor nazo ni za B-flati. Fidla na filimbi ya pembeni husema ukweli mtupu, C ni C. Gitaa husikika oktava moja chini ya ilivyoandikwa, lakini herufi haibadiliki, kwa hiyo halimsumbui mtu.

Kwa nini mtu atengeneze ala inayosema jina moja na kutoa sauti nyingine? Kwa sababu ala nazo zina ukoo. Adolphe Sax, fundi kutoka Ubelgiji aliyesajili saksafoni mwaka 1846, hakusajili saksafoni moja bali familia nzima, ndogo hadi kubwa. Ziba vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwenye alto, hiyo ni G. Fanya hivyohivyo kwenye tenor, ambayo ni kubwa zaidi, nayo unaiita G. Masikioni ya kwanza ni B-flati na ya pili ni F, maana bomba refu hutoa sauti nzito zaidi. Lakini mpigaji hajali: macho yanaona G, vidole vinaziba vilevile. Mtoto akihamia tenor hajifunzi upya hata noti moja. Hesabu ya tofauti amebebeshwa mwandishi wa karatasi.

Utaratibu huu ni mazoea tu, si sheria ya maumbile. Rekoda, zile filimbi za kushika wima, hazikuufuata. Ziba matundu yote ya rekoda ya soprano unapata C. Ziba yote ya alto unapata F, na inaandikwa F kweli. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine hujifunza vidole upya, na wengi hukwama hapo kwa wiki kadhaa.

Sasa hesabu. Ngazi ya nusu toni ni hii: C, C-shapu, D, E-flati, E, F, F-shapu, G, A-flati, A, B-flati, B, kisha C tena. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo fulani wa kinanda, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, mwenye tarumbeta, klarineti au tenor apande hatua 2. Mwenye alto ashuke hatua 3. Wimbo wa C basi ni D kwa tarumbeta na A kwa alto. Fanya hivyo kwa kila noti na kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), si kwa ile ya kwanza tu.

Kuchagua ufunguo ndiko kunakoamua kama jioni itaenda vizuri. Wapiga fidla wanaoanza hupenda D, kwa kuwa nyuzi zao zimekaa humo. Lakini D ya fidla ni B kwa alto, yenye shapu 5, na mtoto wa mwezi wa tatu atazama. Kwa maoni yetu F ndiyo suluhu nzuri: kinanda na fidla wana flati 1, tarumbeta anapiga G yenye shapu 1, alto anapiga D yenye shapu 2. Anayeumia ni mpiga gitaa anayeanza, kwa sababu kodi ya F inataka kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote.

Dawa yake ni kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa. Kibane freti ya 3 (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo), kisha apige D, G na A za kawaida. Zitasikika F, B-flati na C. Hapo tazama karatasi ya mwenye alto: naye ameandikiwa D, G na A. Si bahati. Gitaa lenye kapo freti ya 3 likipigwa C hutoa E-flati, yaani limekuwa ala ya E-flati kama alto. Baba na mtoto wanaweza kusoma karatasi moja, begani kwa bega.

Mkishapatana herufi na bado sauti inachachamaa, tafuteni kwenye kutyuni, yaani kurekebisha ala zilingane sauti. Kipimo cha kawaida ni A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Ala moja ikitoa 440 na nyingine 442, utasikia sauti inavimba na kunywea mara 2 kila sekunde, uwa-uwa-uwa. Uvimbe ukienda polepole, mnakaribiana, ukiisha, mmefika. Ifuateni ala isiyobadilika, ambayo ni piano ya nyuzi kama ipo.

Wapulizaji wasityuni ala ikiwa baridi. Hewa ndani ya bomba ikipata joto la digrii 1 zaidi, sauti hupanda kama senti 3 (nusu toni moja ina senti 100). Apulize kwanza dakika 5 hadi 10, la sivyo atatyuni kitu kitakachopanda katikati ya wimbo. Akiwa juu, mwenye tarumbeta avute bomba la kutyunia. Mwenye saksafoni avute kidogo kile kipande cha mdomoni kitoke shingoni. Mvute kidogo kwelikweli: bomba la tarumbeta lina miguu miwili, hivyo sentimita 1 ya kuvuta inarefusha njia ya hewa kwa sentimita 2, na sauti inashuka karibu robo ya nusu toni.

Namna ya kosa yenyewe hukuonyesha lilipo. Wimbo mzima ukiwa kando kwa umbali uleule, hesabu ya herufi haikufanyika. Noti moja au mbili zikichoma na nyingine ziko sawa, kuna aliyesahau shapu au flati ya ufunguo wake. Mkiwa karibu lakini kuna uwa-uwa, ni kutyuni. Na kama kinanda ni cha umeme, angalia kwanza kioo chake. Huwa kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, na mtu akikiacha kwenye +2 tangu jana, mwenye tarumbeta, fidla na gitaa wote wataonekana wamekosea, kumbe ni kinanda peke yake.